Gazeti Halijapanda Ngomo

Wapenda magari wa bonde la Ruzizi, kutoka Kavimvira hadi Kamanyola, wana imani moja ambayo hapa Luvungi imejenga nyumba na kuoa: kwamba gari bora ni lile lililosifiwa na magazeti ya magari ya Ulaya. Zamani sifa hizo zilikuja na magazeti ya Kifaransa yaliyopita mikono mingi hadi majalada yakang'oka. Siku hizi zinakuja kwa simu. Kijana ambaye hajawahi kushika usukani atakutajia papo hapo Porsche 911 inafika kilomita 100 kwa saa baada ya sekunde ngapi, na BMW na Audi zilipokutanishwa ni ipi iliyochapwa. Mpaka hapo hakuna kosa. Mazungumzo ya magari ni matamu kama ya mpira. Kosa linaanza pale hukumu hiyo inapoondoka kivulini mwa mwembe na kwenda sokoni na pesa za ukoo mzima mkononi, ikisema: gari hili halina haja ya kuchunguzwa, Wazungu wamekwisha kulipima. Nasema halikupimwa. Lililopimwa ni gari jingine, juu ya barabara nyingine, ili kujibu swali ambalo si letu.

Tuanze na kipimo chenyewe, maana wengi wanaokiamini hawajakitazama. Gazeti la The Autocar lilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1895, na mwaka 1928 likaanzisha utaratibu ambao wengine waliuiga: kuchukua gari, kulipima barabarani na kuandika matokeo kwa tarakimu. Lilikuwa wazo jema, kwa kuwa liliwaondoa wasomaji kwenye porojo za matangazo. Lakini gari la kupimwa linatoka wapi? Kwa kawaida linaazimwa kiwandani. Linafika limeoshwa, limejazwa mafuta safi, injini imekwisha kusikilizwa na mafundi walioiunda, na baada ya siku chache linarudi kwao. Mwaka 1961 Jaguar ilipoleta E-Type, magari yaliyopewa waandishi yalifika karibu maili 150 kwa saa, yaani kilomita 240 hivi, na tarakimu hiyo ikaizunguka dunia. Magari hayo yalikuwa yameandaliwa kwa kazi hiyo. Walionunua ya kawaida waliitafuta kasi ile bila kuipata. Mwaka 1964 gazeti la Car and Driver la Marekani liliitukuza Pontiac GTO mbele ya Ferrari yenye jina hilohilo. Miaka mingi baadaye mtu wa matangazo ya Pontiac, Jim Wangers, alikiri kwamba chini ya boneti ilikuwamo injini kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Na mwaka 1971 gazeti la Motor Trend liliivika Chevrolet Vega taji la gari la mwaka. Haukupita muda mrefu, Vega ikajulikana kwa kutu na kwa injini iliyokufa kwa joto.

Sisemi waandishi hao ni waongo. Wengi wao ni madereva hodari wenye masikio makali. Nasema kazi yao ina mpaka: wiki ya kwanza ya gari haiwezi kushuhudia mwaka wake wa kumi na tano. Wahenga walisema asifuye mvua imemnyea. Gazeti linasifu mvua iliyolinyea, nayo ilikuwa manyunyu. Sisi tunakariri sifa hizo huku tukitembea ndani ya dhoruba. Gari linalovuka mpaka wa Kavimvira limekwisha kuishi maisha mazima. Limemtumikia mtu Japani miaka kumi au zaidi, likavuka bahari hadi Dar es Salaam, likaendeshwa bara hadi Burundi au Rwanda, ndipo likafika kwetu. Mara nyingi usukani wake uko kulia, katika nchi ambayo magari hupita kulia. Tulitazame jambo hilo kwa karibu. Toyota Noah iko nyuma ya lori la Fuso lililosheheni mihogo kati ya Sange na Luvungi. Dereva amekaa upande wa ukingo wa barabara, mbele yake haoni kitu ila turubai la Fuso. Ili ajue kama njia ni nyeupe, lazima kwanza alitoe gari lote nje, uso kwa uso na chochote kinachokuja. Kwa hiyo anamuuliza abiria wa kushoto, labda mama mwenye mtoto mapajani: "Mama, kunakuja?" Uhai wa watu tisa unategemea macho ya mtu ambaye hajawahi kuendesha. Hakuna gazeti lililolitia jambo hilo alama, kwa sababu huko gari linakopimwa, usukani na barabara vinaelewana.

Mbishi atasema: tarakimu ni tarakimu, na kanuni za fizikia hazina pasipoti. Kweli kabisa, na ndizo zinazonitetea. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyepesi. Uvira, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, iko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Bukavu iko karibu mita 1,500. Nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi zimekatwa kodi kabla dereva hajawasha gari. Weka watu tisa ndani na magunia juu ya paa, kisha shuka mteremko wa Ngomo, kutoka Bukavu kuja bondeni: joto ambalo breki zinapaswa kulimeza linaongezeka kwa kadiri ya uzito, na mteremko haukupi nafasi ya kuzipoza. Gazeti lilipima umbali wa kusimama kwenye lami kavu na tambarare, ndani yake mtu mmoja au wawili. Lilisifu pia tairi pana zenye ukuta mwembamba kwa jinsi zinavyoshika kona. Huku shimo moja tu linatosha kuvunja ringi, na ndiyo maana mafundi huliinua gari kwa kutia spesa juu ya springi, yaani huliondoa kabisa kwenye umbo lililopimwa. Halafu kuna vumbi. Kiangazi, fundi akichomoa filta ya hewa ya gari linalofanya kazi kwenye barabara ya taifa namba 5, huigonga kwenye tairi, na vumbi humwagika kama unga wa muhogo kutoka kwenye chekeche. Kisha filta ileile hurudishwa mahali pake, kwa sababu mpya haipo au bei yake ni chakula cha juma. Na mafuta? Yametoka kwa kadafi, yaani wauza mafuta wa kando ya njia, kwenye chupa na bidoni. Injini za kisasa zinazosifiwa kwa kubana matumizi, zenye nozeli nyembamba na mitambo mingi ya umeme, ndizo zinazoyachukia zaidi mafuta hayo. Kinachoipa injini nyota kule ndicho kinachoilaza garaji huku.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu inatoka Uswidi. Oktoba 1997 gazeti la Teknikens Värld lilichukua Mercedes-Benz A-Class, gari jipya la kampuni iliyoheshimiwa sana, likalikatisha ghafla upande huu na upande ule kama dereva anayekwepa mnyama. Gari likapinduka. Mercedes ililazimika kuyarudisha magari iliyokwisha kuuza na kuyafunga mtambo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza. Hapo gazeti moja lilifanya kazi ambayo kiwanda kizima hakikuifanya. Je, bado nasema majaribio ya magazeti hayana maana? Yana maana, na mfano huo ndio shahidi wangu bora. Waswidi walifanya jaribio hilo kwa sababu barabara zao hupita misituni, na mnyama mkubwa aitwaye elki huchomoza gizani mbele ya taa za gari. Hawakuazima swali lao Paris wala Stuttgart; waliuliza swali la barabara yao wenyewe. Barabara yetu nayo ina vyake: makundi ya ng'ombe yanayovuka, baiskeli zilizobeba makaa, pikipiki isiyo na taa. Elki wa Luvungi bado hajapata gazeti.

Wala isisemwe kwamba Afrika haina uwanja wa kupimia. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa majaribio yaliyosimamiwa na barabara yenyewe. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalimaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na gari lake halikuwa la fahari: Peugeot 404, gari la familia ambalo katika miji mingi ya Afrika lilikuwa teksi. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, na mwaka 1974 akarudi na Mitsubishi Lancer ndogo, akaiacha nyuma Porsche 911 ya Björn Waldegård. Aina hiyo ya Porsche, kipenzi cha magazeti, ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978, wala miaka ile haikushinda hata mara moja. Gari la spoti lililotamba ni Datsun 240Z, iliyoshinda mwaka 1971 na 1973. Sikatai kwamba viwanda viliyaandaa magari hayo pia, vikayatia vyuma vya kuzuia mawe na springi ngumu. Lakini tope halipokei rushwa. Lililovunjika lilivunjika mbele ya watu waliosimama kando ya njia, na watu hao walijua kesho yake ni chuma gani cha kuamini.

Mwingine atanijibu kwa mkato: basi tuyaache magazeti, tumsikilize dereva wa hapa, maana kila mtu anajua kwamba Toyota haifi. Hapana. Hiyo ni imani ileile iliyovaa shati la nyumbani. Toyota huonekana haifi pia kwa sababu vipuri vyake viko kila kona na kila fundi anaujua mwili wake. Hizo ni sifa za soko na za fundi, si za chuma peke yake, na asiyehesabu hawezi kuzitenganisha. Wanaohesabu wapo. Marekani, Consumer Reports, iliyoanza mwaka 1936, hununua magari yake dukani badala ya kuyaazima, na kila mwaka huwauliza wenye magari ni kitu gani kimeharibika. Ujerumani, wakaguzi wa TÜV huchapisha kasoro walizozikuta kwenye magari yaliyotumika miaka mingi. Kinachohitajika huku hakizidi daftari la shule katika kila garaji, lenye safu nne: aina ya gari na mwaka wake, kilomita, kilichovunjika, na gharama ya kukitengeneza. Kama kilomita za dashibodi zimerudishwa nyuma, andika tarehe, tarehe hairudishwi. Na kama fundi anaona kazi ya kalamu ni ya wasomi, akumbuke kwamba mwenye duka jirani yake anaandika madeni ya sabuni na chumvi kila siku. Baada ya misimu miwili ya mvua, daftari hilo litakuwa na maarifa ambayo hakuna mhariri wa London aliye nayo.

Wapenda magari na waendelee kusoma, waote Ferrari, wabishane hadi jua lizame nyuma ya milima ya Itombwe. Ndoto hailipiwi ushuru Kavimvira. Ila siku ya kununua, wafunge gazeti na kuuliza mambo manne: gari hili limebeba nini, limepita wapi, ni nani hapa anayejua kulitengeneza, na kipuri chake kiko umbali gani. Mvua ikinyesha na gari likakwama Ngomo, nyota tano za gazeti hazishuki kulisukuma. Wanaoshuka ni abiria.