Tahariri Moja, Opera Mbili

Tarehe 28 Januari, 1936, gazeti la Pravda la Moscow liliishutumu vikali opera ya Shostakovich, "Lady Macbeth wa Mtsensk". Kazi iliyoshangiliwa tangu mwaka 1934 ikaondolewa majukwaani. Iliporudi mwaka 1963 iliitwa "Katerina Izmailova", nayo ilikwisha punguzwa makali.

Ile ya asili Rostropovich aliirekodi London mwaka 1978, Vishnevskaya akiimba. Tukiilinganisha na santuri ya Moscow ya miaka ya 1960, twasikia wazi maneno yaliyolainishwa na muziki wa chumbani uliofupishwa. Sisi twaipendelea ya asili. Lakini zote zihifadhiwe, maana ya pili ni ushahidi.

Wenye madaraka, nasi tuandikao tahariri, tusiharakie kuhukumu sanaa.