Vihamba Si Viwanja

Wako watumishi wa umma, tena wasomi, wasiochoka kusema kwamba Mchagga amebahatika: amezaliwa juu ya udongo wa volkano, kwa hiyo kazi yake ni kupanda na kungoja. Hata madarasani mwalimu huandika ubaoni kuwa udongo wa volkano una rutuba, wanafunzi wakanakili, somo likaisha. Hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoviangamiza vihamba, maana kitu kinachodhaniwa kimetolewa bure hakuna anayeona uchungu kukiharibu.

Tuutazame udongo wenyewe. Juu, karibu na msitu, ni mweusi, mwepesi, wenye mboji tele. Lakini huing'ang'ania fosforasi hata mizizi ikaikosa, na mvua kubwa za upande wa kusini huosha virutubisho vingine. Katika ukanda wa migomba na kahawa wa Machame, Kibosho, Uru na Marangu, udongo ni mwekundu, wa mfinyanzi, wenye kina kirefu na unaoshika maji vizuri. Ukiteremka hadi Kahe na Arusha Chini mvua hupungua, jua hukausha maji na kuacha chumvi. Shamba la miwa la TPC limepambana na chumvi hiyo kwa miongo mingi. Mlima ni mmoja, udongo si mmoja.

Na hata huo mwekundu unaosifiwa haukujilisha wenyewe. Rutuba ya kihamba imetengenezwa na mama aliyeteremka tambarare akapanda tena na mzigo wa majani kichwani, na ng'ombe aliyefungwa zizini akayala majani hayo, na samadi iliyozolewa ikawekwa shinani mwa mgomba. Mgomba huipa kahawa kivuli, majani yake makavu hufunika ardhi, na shina lililokatwa hurudi kwa ng'ombe. Chini yake huota magimbi, viazi vikuu na maharage. Kiangazi, maji huletwa na mifongo ambayo wazee walianza kuichimba kabla Mjerumani hajafika. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliviingiza vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Wageni wameona, sisi je?

Sisi tunamwaga zege! Kwamba kihamba kimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi kikawa kipande, hilo linaeleweka. Wala hatumlaumu mkulima aliyechoshwa na chulebuni na bei mbaya ya kahawa, akang'oa mibuni apande nyanya apate ada ya shule. Asiye na udhuru ni yule mwenye cheo na mshahara mjini, anayerudi kufyeka migomba ya babu yake, akajenga jumba la vyumba 8 na kusakafia ua wote ili gari lisikanyage tope. Jumba hufunguliwa Desemba, ndugu wakala Krismasi, kisha hufungwa hadi Desemba nyingine, likilindwa na kijana mmoja ambaye ndizi zake hununua sokoni.

Atasema ardhi ni ya ukoo wake na fedha ni zake. Lakini udongo ule haukutengenezwa kwa fedha zake. Wengine hujitetea kwamba chakula kitatoka tambarare. Ni kweli kwamba mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliokamilika mwaka 1987, uliostawisha mpunga Mabogini na Chekereni. Lakini mpunga huo hunywa maji ya Njoro na Rau, yaani maji ya mlima. Mvua inayoanguka juu ya zege haizami ardhini. Hukimbilia mtoni siku ile ile, ikachukua na udongo wa jirani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake. Basi itumike: anayeishi kihambani ajenge nyumba ya kumtosha, na jumba la likizo lipelekwe ukanda wa chini, penye ardhi kavu. Ofisa anayeletewa ramani ya jumba hilo aulize kwanza ni migomba mingapi itakayofyekwa. Na mwalimu wa Moshi aifute ile sentensi ubaoni, awachukue wanafunzi na majembe wakachimbe mashimo mawili, moja kihambani, la pili katika konde lisilowahi kutiwa samadi.