Ukitutumia wimbo usiojulikana, tutumie na jina la aliyeupiga

Wiki mbili zilizopita, ndani ya kundi moja la WhatsApp la wapenda muziki, mtu alituma sauti ya dakika saba hivi. Hakuandika neno. Faili lenyewe halikuwa na jina, ni yale maherufi AUD na tarakimu ambazo simu inajiwekea yenyewe. Nikafungua nikitegemea kusikia wimbo wa kawaida. Kumbe ni likembe mbili zinazokimbizana, moja inakwaruza kama bafle lililopasuka, na juu yake mwanamke anaimba kwa Kiswahili cha huku kwetu, polepole, kama mtu anayeongea na mtoto.

Ndani ya saa moja watu waliandika "kali", "moto", "hii ni hatari". Wengine wakaisukuma katika makundi mengine. Nikauliza: huyu mama ni nani? Imerekodiwa wapi, mwaka gani? Kimya. Mwishowe aliyeituma akajibu kwamba naye aliipata kwa mtu mwingine.

Ndugu msomaji, mimi ni mmoja wa wale wanaopenda muziki ambao wengi wanauita kelele. Albamu ambazo hazipigwi kwenye radio, kasete ambazo zilitoka nakala chache, vijana wanaopiga ngoma kwa vyuma vya gari. Simchukii mtu anayesikiliza Fally Ipupa asubuhi hadi jioni, na nilifurahi kama kila Mkongomani wakati rumba yetu ilipoingia katika orodha ya UNESCO mwezi wa kumi na mbili 2021. Lakini rumba ina watu wengi wa kuisemea. Huu muziki mwingine unaishi kwa sababu moja tu: mtu ameusikia, umemshika, akashindwa kunyamaza.

Angalia habari ya Konono N°1. Mzee Mawangu Mingiedi alianzisha kundi lile Kinshasa katika miaka ya 1960. Muziki wake ulikuwa wa Bazombo, watu wa upande wa mpaka na Angola, na alitaka usikike katikati ya makelele ya mji. Likembe peke yake haishindi makelele ya magari. Basi akaokota sumaku ndani ya vyuma vikuukuu vya magari, akatengeneza mikro kwa mikono yake, akafunga kwenye likembe, akapitisha sauti katika vipaza sauti vya zamani. Sauti ikatoka imechafuka, inaunguruma. Fundi mwingine angeona ni kasoro, angetafuta dawa yake. Mingiedi na wenzake waliikubali ile kasoro, wakaifanya kuwa sehemu ya muziki. Na waliyapiga hayo kwenye sherehe na matanga kwa miaka mingi, bila mtu wa nje kujua.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kuna watu walirekodi kundi lile. Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, akaisikia ile sauti, ikamkaa kichwani. Alikuja Kinshasa kuwatafuta na ilimchukua miaka mingi kuwapata. Albamu yao Congotronics ilitoka Ubelgiji mwaka 2004, na tangu pale watu wa Ulaya, Marekani na Japani wakaanza kuelezana: sikiliza kitu hiki, kinatoka Kinshasa, si kompyuta, ni vidole na sumaku. Mwaka 2007 Björk, mwimbaji wa Iceland, akawaita kupiga ndani ya albamu yake. Mzee Mingiedi alikufa mwaka 2015, na magazeti makubwa ya dunia yaliandika kifo chake.

Sasa jiulize ulimsikia wapi Konono kwa mara ya kwanza. Mimi nitakuambia ukweli, hata kama unanipa haya: nilimsikia kupitia andiko la Mzungu. Kitu kilichopigwa Kinshasa, kimezunguka Bruxelles na New York, kikanifikia huku mashariki kwa lugha ya kigeni. Siwalaumu Wazungu kwa hilo. Wao walipenda wakasema. Sisi tulikuwa nacho tukaona ni muziki wa wazee wa mtaa.

Kuna habari nyingine, ya Ghana, ambayo napenda zaidi kwa sababu mwanzo wake ni mdogo kabisa. Mwaka 1994, mtu mmoja anayeitwa Ata Kak, akiwa Canada, alirekodi nyimbo za kuchezesha, akizisema haraka-haraka kwa lugha ya kwao, na muziki wa kinanda cha umeme chini yake. Akatengeneza kasete 50 tu. Hazikuuzwa sana, na yeye akaendelea na maisha. Mwaka 2002 Mmarekani Brian Shimkovitz akanunua moja barabarani katika mji wa Cape Coast. Mwaka 2006 akaanza kuweka kwenye intaneti kasete za Afrika alizozikusanya, na ile ya Ata Kak ndiyo aliyoanza nayo. Watu maelfu wakaipenda, lakini hakuna aliyejua mwenyewe yuko wapi. Shimkovitz alimtafuta miaka kadhaa mpaka akampata. Walipotaka kuitoa upya, mkanda wa asili ulikuwa umeharibika, ikabidi warudi kwenye ile kasete ya barabarani. Ilitoka tena mwaka 2015, safari hii kwa mapatano na mwenyewe, na Ata Kak, mtu mzima tayari, akapanda jukwaani Ulaya.

Kasete moja tu kati ya 50 ndiyo iliyomrudisha. Na ilikuwa na jina juu yake. Bila jina, Shimkovitz angemtafuta nani?

Hapo ndipo ninapogombana na ndugu zangu wa kundi la WhatsApp. Wakaaji wa Katanga wanajua vizuri jina la Mwenda Jean-Bosco, mwana wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akirekodi muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi. Akarekodi gitare yake, pamoja na wimbo Masanga, na akaandika: huyu ni nani, wapi, lini. Ni maandishi ya mistari michache. Kwa sababu ya mistari ile, miaka kumi baadaye mtaalamu aliketi kuchambua namna vidole vya Mwenda vinavyotembea juu ya nyuzi, na hadi leo kijana wa Finland ama wa Nairobi anayejifunza gitare ile anajua anajifunza kwa nani. Kulikuwa na wapiga gitare wengine katika kambi za migodi wakati ule, wengine labda wakali kuliko yeye. Hakuna aliyeandika majina yao, na leo hatuna namna ya kuwauliza.

Sasa huku kwetu. Nyimbo zetu nyingi haziko kwenye sahani wala kwenye kasete. Ziko ndani ya simu na kadi memwari. Unampelekea kijana wa kibandani kadi yako, anakujazia nyimbo mia mbili, nusu yake zinaitwa "Track 03". Kadi ikiharibika, zimekwisha. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya Goma, na sijui ni kasete ngapi ziliungua ndani ya nyumba zile. Tangu mwanzo wa 2025 watu wamekimbia vita Goma na Bukavu wakibeba watoto na godoro. Nani anabeba sanduku la kasete za baba?

Najua kuna atakayesema: watu wanakufa, wewe unatuletea habari ya kasete. Nimeambiwa hivyo uso kwa uso, na sikuwa na jibu siku ile. Leo naweza kusema kwamba aliyekimbia na simu yake anaimba pia, na usiku kambini watu wanapiga muziki kwa mabidoni na sufuria. Kama hakuna anayesema "nimewasikia, ni hawa", basi kitakachobaki kwetu cha miaka hii ni hesabu ya maiti na picha za mahema.

Na sitaki mtu aelewe kwamba namkataza kutuma. Kuna wenzangu wanaosema kila faili linalotumwa bure ni wizi. Kwa albamu inayouzwa, ya msanii aliye hai, nakubaliana nao, na nimeacha kutuma faili zima. Natuma anwani ya mahali pa kununua na naeleza kwa nini nimeipenda. Lakini tusidanganyane: kulipa kwenye intaneti si rahisi kwa mtu ambaye pesa yake yote iko M-Pesa ama Airtel Money, na albamu moja inaweza kula mega 80 ama zaidi. Kwa hiyo anayekupa wimbo wa bure mara nyingi amelipa yeye mwenyewe kwa mega zake. Kwa kasete iliyopotea kabisa, ambayo haiuzwi popote, mimi naona kuituma ni kuiokoa, na aliyeipiga akionekana siku moja, haki ni yake yote.

Hapa jirani, Kampala, kuna lebo inaitwa Nyege Nyege Tapes, inayotoa muziki wa majaribio wa eneo letu kwa kasete na intaneti. Wametoa singeli ya Dar es Salaam, na mwaka 2021 walitoa Na Zala Zala, albamu ya Rey Sapienz, Mkongomani wetu anayeishi kule, pamoja na wenzake. Ngoma nzito za kompyuta, maneno ya vita na ya kuhama. Isikilize usiku na bafle nzuri, si kwa bafle ya simu. Wimbo wa kwanza unaweza kukuchosha, mimi ulinichosha. Nilirudia mara tatu mbele haujanishika. Katika watu wa Goma ninaowauliza, mmoja kati ya kumi amesikia jina hilo. Ulaya wanalijua.

Basi ukipenda kitu kigeni namna hii, kiseme vizuri. "Kali" haisaidii mtu anayehesabu mega zake. Mwambie aruke hadi dakika ya tatu pale ngoma inapoingia. Mwambie ukweli kwamba sauti ni mbaya, kwamba nusu ya pili inalala. Na usijivune kwamba wewe tu ndiye unayejua. Kuna watu wa tabia hiyo, wanaficha jina la msanii kama mganga anavyoficha mizizi, wakiogopa wengine wakijua yeye hatakuwa mtu wa pekee. Msanii hali kujivuna kwako.

Juu ya yote andika jina. Kama hulijui, andika unachokijua: nilipata kwa nani, mtaa gani, lugha gani, unadhani ni mwaka gani. Mwingine ataongeza.

Nianze na mimi mwenyewe. Ile sauti ya likembe mbili bado iko ndani ya simu yangu. Mwanamke anaimba, na karibu na dakika ya nne anacheka kidogo halafu anaendelea, kama kuna mtu aliyemfanyia kituko chumbani. Nyuma yake inasikika pikipiki inapita na mvua juu ya mabati. Kiswahili chake ni cha Bukavu ama Uvira, siyo cha Lubumbashi. Kabla ya wimbo kwisha, mwanaume anaita jina, mara moja, na nasikia kama "Mama Furaha", lakini sina hakika. Kama ni mama yako, ama ni jirani, ama ni wewe, tuandikie.