KIZURI CHAJIUZA

Wako wapenzi wa magari wanaoshikilia kwamba kampuni za Marekani ziliangushwa na msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 peke yake. Sisi hatukubaliani nao.

Ni kweli kwamba Chrysler ilitangaza kufilisika tarehe 30 Aprili, 2009, na General Motors ikafuata tarehe 1 Juni. Lakini msukosuko huo uliikuta nyumba imekwisha kuliwa na mchwa. Mnunuzi wa gari jipya huvutwa na rangi na matangazo; anayelinunua likiwa limetumika hurithi injini, giaboksi na kutu. Huyo ndiye hakimu wa kweli. Aliziona Toyota na Honda zikidumu, akakubali kuzilipia bei ya juu zaidi.

Serikali ya Marekani ilitoa kiasi cha dola bilioni 50 kuinusuru General Motors. Fedha hizo za umma ziliokoa ajira. Imani ya wanunuzi hazikuweza kuinunua. Mwaka 2014 ilidhihirika kwamba swichi mbovu ya kuwashia gari, ambayo baadhi ya watumishi wa kampuni waliijua kwa miaka mingi, ilikwisha kuua watu.

Visiwani kwetu, gari lililotumika ndilo gari la wengi. Basi wakaguzi wa serikali wasiridhike na rangi mpya. Wafunue boneti na kulala chini ya gari. Mwananchi naye asinunue jina. Uhai wa abiria hauna vipuri.