NYUMBA NAYO HUFUNDISHA



Mtu akiulizwa ni nani aliyemfundisha, hutaja majina ya walimu wake. Huyu alinifundisha hesabu, yule alinifundisha kuandika barua. Ni nadra kumsikia mtu akiitaja nyumba. Lakini mwombe yeyote aliyekaa chuoni miaka miwili mitatu akusimulie habari za huko, nawe sikiliza vizuri. Hataanza na vitabu. Ataanza na bweni, na ngazi, na dirisha alilokuwa akikaa karibu nalo, na mti uliosimama mbele ya darasa.

Mimi nami nilipokuwa chuo cha ualimu tulikuwa na chumba kimoja cha kuchorea. Hakikuwa na fahari: sakafu ya saruji, meza ndefu, madirisha mapana yaliyotazama shamba la mahindi. Lakini mwanga wake ulikuwa mzuri, na mtu akiingia mle na kalamu yake ya risasi alitulia mwenyewe bila kuambiwa na mwalimu. Naamini wewe msomaji unacho chumba chako cha namna hiyo.

Juma hili basi natamani tuitazame nyumba moja ya kusomea ambayo wanafunzi wake waliipenda hata wakaililia machozi. Iko mbali, katika mji wa Glasgow huko Uskoti. Ni nyumba ya Shule ya Sanaa ya mji huo, na wanafunzi waliifupisha jina wakaiita “Mack”, kutokana na jina la fundi aliyeichora, Charles Rennie Mackintosh.

Huyu Mackintosh alizaliwa mwaka 1868, katika nyumba yenye watoto kumi na mmoja. Baba yake alikuwa karani katika polisi ya Glasgow. Kijana akatiwa katika ofisi ya wachora majengo ajifunze kazi, na jioni, kazi ikiisha, akaenda Shule ya Sanaa kusoma. Shule wakati huo haikuwa na nyumba yake ya kufaa. Mwalimu mkuu, Francis Newbery, akahangaika kutafuta nyumba mpya, na mwaka 1896 wachora majengo wakaitwa kushindana. Ofisi ya Mackintosh ikashinda, na mchoro ulikuwa wake. Tazama jinsi mambo yalivyokwenda: mwanafunzi wa masomo ya jioni ndiye aliyepewa kuwachorea nyumba wanafunzi watakaokuja nyuma yake. Alikuwa anajua wanachokosa.

Fedha zilikuwa chache, paundi 14,000 tu, na waliotoa fedha walitaka nyumba ya kawaida isiyo na mapambo. Hazikutosha. Kwa hiyo nusu ya kwanza ilijengwa kuanzia 1897 hadi 1899, kazi ikasimama, na nusu ya pili ikajengwa kuanzia 1907 hadi 1909. Wajumbe wa kamati za ujenzi mnaosoma gazeti hili, msikate tamaa basi. Nyumba iliyosifiwa duniani kote nayo ilingoja miaka minane ipate nusu yake ya pili.

Sasa nyumba yenyewe ilifundisha nini?

Kwanza, mwanga. Sisi wa karibu na ikweta jua hutupitia kaskazini miezi kadhaa, na kusini miezi mingine. Uskoti si hivyo. Jua la mchana huko hukaa upande wa kusini siku zote. Mtu anayechora uso wa mwenzake hataki jua limwingilie darasani, kwa maana vivuli huhama na rangi hubadilika kabla hajamaliza kazi. Anataka mwanga uliotulia. Kwa hiyo Mackintosh akaweka madarasa ya kuchorea upande wa kaskazini, akayapa madirisha makubwa ajabu.

Pili, kwamba uzuri na kazi havigombani. Mbele ya madirisha hayo aliweka vyuma vilivyopinda, na ncha zake zimesokotwa kama maua. Mpita njia aliona pambo. Kumbe vyuma hivyo vilishikilia madirisha, na tena wasafisha vioo waliegemeza hapo ngazi zao. Mwanafunzi aliyepita chini yake kila asubuhi alikuwa amekwisha kupata somo kabla ya kufika darasani.

Tatu, kwamba nyumba yaweza kuchangamka. Juu kabisa palikuwa na njia nyembamba yenye vioo, ya kuunganisha upande mmoja na mwingine, na watu wakaiita kwa mzaha “uwanja wa kuku”. Saa za ukutani za vyumba mbalimbali ziliongozwa na saa moja kuu, zikaenda pamoja. Na upande wa magharibi ilikuwako maktaba, chumba ambacho wengi walikipenda kuliko vyote: nguzo za mbao nyeusi zikipanda juu, roshani kuizunguka, madirisha marefu yakiingiza mwanga kati ya nguzo, na taa nyingi ndogo zikining'inia katikati. Waliosoma humo wamesema mara nyingi kwamba ilikuwa kama kukaa msituni.

Tusisahau kwamba mtu huyu alichora na kanisa moja tu lililopata kujengwa, Queen's Cross, hukohuko Glasgow, miaka ileile ya nusu ya kwanza ya shule. Lakini sifa hazikumfuata alipokuwa hai. Aliondoka Glasgow mwaka 1914, akafa London mwaka 1928, watu wachache wakimkumbuka. Nyumba yake ikabaki ikifundisha. Kwa zaidi ya miaka mia wanafunzi walichafua sakafu zake kwa rangi, wakapandisha ngazi zake wakiwa na turubai mikononi. Haikufanywa kuwa makumbusho ya kutazamwa kwa mbali. Ilibaki kuwa shule, na hiyo ndiyo heshima yake kubwa.

Sasa nawaletea habari ya huzuni. Tarehe 23 Mei 2014, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walipokuwa wakitayarisha maonyesho yao, mwanafunzi mmoja alitumia povu la kopo katika kazi yake. Hewa ya povu hilo, ambayo huwaka upesi, ilifikia mashine ya kuonyeshea picha iliyokuwa na moto ndani, ikalipuka. Na hapa ndipo pa kutafakari. Mackintosh alikuwa ameweka njia za hewa ndani ya kuta, kupeleka joto kila chumba wakati wa baridi. Njia hizohizo zilizowapa joto wanafunzi wa miaka mingi ndizo zilizobeba moto juu haraka. Mitambo ya kunyunyizia maji ilikuwa ikifungwa, ila ilikuwa bado haijaanza kufanya kazi. Zimamoto walipigana, wakaokoa sehemu kubwa ya nyumba, na hakuna mtu aliyekufa. Lakini maktaba ilikwisha. Wanafunzi walisimama barabarani wakilia, wengine kwa kazi zao zilizoteketea, wengine kwa nyumba.

Wakaanza kuitengeneza. Mafundi walichekecha majivu ya maktaba, wakiokota vipande vya zile taa ili waziunge tena. Kazi ilikuwa imefika mbali, ndipo usiku wa tarehe 15 Juni 2018 moto ukaja mara ya pili, mkali kuliko wa kwanza, ukaila karibu nyumba nzima ikabaki kuta. Wachunguzi wa zimamoto walitafuta muda mrefu, na katika taarifa yao ya mwaka 2022 wakasema chanzo chake hakikuweza kujulikana, kwa kuwa moto ulikuwa umekula ushahidi.

Baada ya hapo palikuwa na mabishano. Wengine walisema nyumba iliyokufa mara mbili iachwe. Wengine walisema ijengwe mpya ya kisasa, kwa kuwa Mackintosh mwenyewe hakuiga wa kale. Mwaka 2021 shule ikatangaza kwamba nia yake ni kuirudisha kama ilivyokuwa. Ni kazi ya miaka mingi na ya fedha nyingi mno.

Ndugu msomaji, labda utasema habari hizi ni za Ulaya, zatuhusu nini? Zinatuhusu. Nasi tuna madarasa ya mawe yaliyojengwa na babu zetu, na vyuo vya zamani, na makanisa ambayo watu walibeba mchanga kichwani kuyajenga. Tunayapenda, tunayasimulia, siku ya sherehe tunapiga picha mbele yake. Lakini mapenzi ya nyumba si kuisimulia tu. Ni kumwita fundi aangalie waya uliochubuka. Ni kutoweka petroli chumba kimoja na karatasi. Ni kujaza ndoo ya mchanga na kujua ufunguo wa mlango wa nyuma uko kwa nani. Chombo cha kuzima moto kinachongoja kufungwa kesho hakizimi moto wa leo.

Na kama kuna nyumba iliyokufundisha, andika habari zake ungali unazikumbuka, uwape watoto wako. Mafundi wa Glasgow walipotaka kujua maktaba ilikuwaje hata kwenye pembe zake, walitegemea michoro na picha zilizohifadhiwa na watu walioipenda kabla haijaungua.

Haya, tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.