Bei ya televisheni: mizani isishikwe na mtu mmoja

Wandugu wachimbaji, na nyinyi mama munaobaki na watoto hapa Murara wakati baba yao yuko kwenye shimo, leo siandiki juu ya coltan wala kasiterite. Ninataka tuongee juu ya dekoda.

Najua kuna watu watacheka. Watasema: mwaka 2024 vita ilikuwa hapo Sake, wakimbizi walikuwa wamejaa Mugunga na Kanyaruchinya, na wewe mtu wa sendika unatuletea hadithi ya televisheni? Ninawajibu hivi. Tarehe 7 februari 2024, Leopards walicheza nusu-fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire. Wakati wimbo wa taifa, wachezaji wetu walifunika kinywa kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono mwingine wakaviweka kwenye kichwa kama bunduki. Walikuwa wanasema juu yetu sisi watu wa mashariki, tunaouawa na hakuna anayesema. Dunia nzima iliona. Na hapa kwetu, nani aliona? Aliona yule aliyekuwa amelipa mwezi wake, na yule aliyepata franka za kuingia kwenye chumba cha video. Wengine walihadithiwa kesho yake.

Na si mpira tu. Rubaya ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa 4 mwaka 2024, kulikuwa na nyumba nyingi ambamo mama alikuwa anangojea habari za saa mbili usiku kwa sababu hakujua barabara iko wazi ao imefungwa, na bwana yuko upande gani. Kwa huyo mama, habari si starehe.

Sasa musikie yaliyonipata mimi mwenyewe. Nililipa mwezi mmoja. Bei ilikuwa imeandikwa kwa dola, lakini mimi niko na franka, na ajenti akahesabu dola kwa kiwango chake, hakikuwa kile cha wabadilishaji feza wa barabarani. Katika mwezi ule, siku nne picha haikutokea kabisa. Hakuna aliyenirudishia hata siku moja. Mwezi ulipoisha, dekoda ikafunga. Ikafunga zote, hata RTNC, televisheni ya serikali ambayo ni ya kila mwananchi. Nikarudi kwa ajenti. Akaniambia: « Papa, mimi ninauza tu. Piga simu Kinshasa. » Nikapiga. Simu ikakula unite zangu zote nikisikiliza muziki.

Muchimbaji anaelewa jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Kule juu ya mlima, negosian anakuja na mizani yake, na mashine yake ya kupima madini ni kiasi gani ndani ya mchanga, na bei ambayo anasema imetoka kwa wazungu. Wewe unatoa kiroba. Yeye anasema kilo ngapi, yeye anasema asilimia ngapi, yeye anasema pesa ngapi. Ukikataa, rudi na kiroba chako. Wale waliokuwa pamoja nasi tangu zamani wanakumbuka: sendika haikuanza kwa kuomba bei ipande. Ilianza kwa kuomba mizani ya pili, ili na sisi tuone. Juu ya televisheni ninaomba kitu kilekile.

Kwa sasa mizani ya pili iko wapi? Tutafute kwenye sheria. Tuko na CSAC, iliyoundwa kwa sheria ya tarehe 10 januari 2011. Kazi yake ni kulinda uhuru wa habari na kuangalia televisheni na radio zinasema nini, haipangi bei ya mwezi. Tuko na ARPTC, ya tangu 2002, lakini watu wanaijua zaidi kwa mambo ya simu na intaneti. Na sheria ya tarehe 9 julai 2018 juu ya bei na ushindani inasema bei ni huru, isipokuwa vitu vichache vya lazima kama maji na umeme. Kwa umeme, sheria ya tarehe 17 juni 2014 iliweka hata mwamuzi, ndiyo ARE. Mwamuzi huyo anaweza kuwa muzuri ao mubaya, lakini yuko, na unajua umwandikie nani. Kwa picha ya televisheni, raia wa Murara aandikie nani barua? Mimi nimetafuta ofisi hiyo hapa Goma, sikuiona.

Wengine wanasema bei ni mambo ya muuzaji na muteja, serikali ya mji haihusiki. Lakini mwenye chumba cha video anajua namna mutu wa takse anavyofika kwenye mlango wake. Sheria ya tarehe 7 oktoba 2008 inaupa mji na komine mapato yao na kazi zao. Haiwezekani mji ujue njia ya kuja kuchukua, na usijue njia ya kuja kuuliza kama raia amepata kile alicholipia.

Na hata kwenye nchi ya biashara huru kuliko zote, walipita njia hii. Marekani, wakati ule televisheni nyingi zilikuwa zinaingia nyumbani kwa waya, na waya ulikuwa unapita kwenye barabara za mji. Mwaka 1984 sheria iliziachia kampuni bei karibu zote. Bei zikapanda, watu wakalalamika. Mwaka 1992 Bunge likapiga kura, Rais George Bush akakataa, Bunge likampita likaipitisha sheria. Miji ikapewa ruhusa ya kusimamia bei, lakini ya kifurushi cha chini tu, kile chenye televisheni za hapo karibu. Filamu na michezo ya ziada, mambo ya muuzaji. Ninapenda mpango ule kwa sababu hauombi mengi.

Hapa Afrika pia watu wamejaribu. Nigeria, mwaka 2024, baraza la kutetea wateja kule Abuja liliamuru MultiChoice isipandishe bei kwanza. Kampuni ikapandisha. Mwezi wa 6 ikapigwa faini ya naira milioni 150, na ikaambiwa iwape wateja mwezi mmoja wa bure.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba ni rahisi. Malawi, mwezi wa 8 mwaka 2023, mahakama ilipozuia bei mpya, kampuni ilitangaza itafunga DStv kwa nchi nzima. Tanzania, mwaka 2018, TCRA ilisema dekoda za kulipia haziruhusiwi kuuza chaneli ambazo ni za bure kwa kila mtu. Neno lilikuwa la haki. Lakini chaneli zile ziliondolewa, na watu wengi wakajikuta wanahitaji dekoda ya pili ili waone habari za kwao. Tujifunze hapo: tusiombe chaneli iondolewe, tuombe iachwe wazi. Na tusiombe bei ambayo itamkimbiza muuzaji, kwa sababu hata yeye ananunua mafuta ya jenereta na analipa wafanyakazi, ambao ni watoto wetu.

Kuna kizuizi kingine, nacho ni kikubwa. Tarehe 6 mei 2021 tuliingia katika état de siège. Mwaka 2024 gavana alikuwa mwanajeshi, meya alikuwa mtu wa polisi. Hatukuwachagua, na hawakuja kutuomba kura. Mtu anaweza kusema: basi ngoja amani irudi. Hapana. Kama meya anaweza kutia sahihi kwenye barua ya kufunga barabara ao kuzuia motari kutembea usiku, anaweza pia kutia sahihi kwenye barua ndogo ya kumlinda muteja.

Barua hiyo iseme mambo manne tu. Kwanza, kila ajenti abandike bei kwenye mlango wake kwa franka, na kiwango cha dola cha siku hiyo kionekane. Pili, siku ambazo picha haikutoka kwa kosa la kampuni, muteja aongezewe siku hizohizo mwishoni mwa mwezi. Tatu, mwezi ukiisha, RTNC na televisheni za hapa kwetu zibaki wazi. Nne, kila kampuni inayouza Goma iweke mtu mmoja hapa Goma wa kupokea malalamiko, mwenye jina na mwenye ofisi, mtu ambaye hatatuambia tupige simu Kinshasa.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayopunguza bei kwa franka moja. Tukishapata mizani ya pili, tutaongea juu ya bei tukiwa tunajua tunaongea nini.

Sisi wenyewe tuko na kazi. Mama, usitupe risiti. Weka kikaratasi karibu na televisheni, andika tarehe kila siku picha inakatika wakati umeme uko. Mwisho wa mwezi, nyumba kumi za avenue moja ziweke vikaratasi vyao pamoja, na muvipeleke kwa shefu wa kartie. Mtu mmoja akilalamika wanasema ana kelele. Nyumba kumi zenye tarehe zilezile, hata Kinshasa haiwezi kusema ni antena yako iligeuka. Kule kwenye shimo pia tulianza na daftari.