Kufungia Si Kuhakiki

Jamani, miaka imepita na jazba zimepoa, kwa hiyo hebu tuseme ukweli. Wimbo wa "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, ule uliofungiwa na BASATA Novemba 2018, haukuwa wimbo mzuri. Wala haukuwa hatari kwa taifa. Ulikuwa wimbo wa kuchezeka wenye utani mmoja, na utani wenyewe ulikuwa mwepesi. Ungeachwa, ungepigwa kwenye harusi na baa miezi mitatu, kisha ungekwenda zake. Haukuachwa, ndiyo maana mpaka leo tunao.

Tuwakumbushe waliokuwa wadogo. Baraza lilisema mashairi ya wimbo huo yanakiuka maadili. Desemba, wasanii hao wakaupiga jukwaani kwenye Tamasha la Wasafi, na wapi? Mwanza penyewe. Baraza likapanda juu, likawafungia wote wawili kufanya maonyesho kwa muda usiojulikana. Wakaomba radhi hadharani. Mwanzoni mwa 2019 wakafunguliwa. Kila hatua ikawa habari, na kila habari ikampeleka mtu mwingine kuutafuta wimbo kwenye simu yake. Mtaani tunaita kiki. Tofauti ni kwamba wasanii wengine huhangaika kutengeneza kiki zao wenyewe, hii ilitoka ofisini ikiwa na muhuri.

Na sisi tunaojiita wapenzi wa maneno? Mitandaoni watu waligawanyika kama Simba na Yanga. Huku maadili, watoto wetu, utamaduni wetu. Kule uhuru wa msanii, wivu, mwacheni Simba wa Tandale ale jasho lake. Katika kelele zote hizo, swali la kwanza la fasihi halikupata nafasi: fumbo lenyewe ni zuri?

Mimi nasema si zuri. Mzaha wote umejengwa juu ya jina la Nyegezi. Ukilikata katikati, kipande cha mbele kinabaki neno la tamaa ambalo mtu mwenye haya hawezi kulitamka mbele ya mkwe. Basi. Ubunifu ulianzia hapo na ukaishia hapo.

Simlaumu mtu kwa kuimba mapenzi. Kiswahili hakijawahi kuwa mtoto wa chekechea. Muyaka bin Haji alifumba Mombasa karne ya 19, na watu hadi leo wanabishana alimlenga nani. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na taarabu iliyofuata nyuma yake imelea vizazi vya wasikilizaji wanaojua kijembe kinapopita. Lakini fumbo la kweli lina nyumba mbili, na zote zina watu. Ukiambiwa habari ya ua, ua lipo kweli, lina rangi na miiba, halafu nyuma yake unamwona mwanamke. Katika "Mwanza" nyumba moja ni gofu. Nyegezi haimo. Limechukuliwa jina, mahali pakaachwa.

Nyegezi ni nini? Ni stendi wanakoshukia wasafiri wa Shinyanga na Dar. Ni chuo cha uvuvi kinachofundisha watu habari za ziwa hili. Ni SAUT, chuo kilichoanza mwaka 1960 kama kituo cha mafunzo ya jamii na kuwa chuo kikuu mwaka 1998, chuo kilichopika waandishi wa habari wa nchi hii kwa miaka mingi. Bila shaka wapo waliosoma habari ya kufungiwa kwa wimbo huo redioni huku kazi yenyewe wamejifunzia Nyegezi! Hapo kuna utani mkali kuliko wote uliomo kwenye wimbo, na hakuna aliyeuona.

Tena tukumbuke ulikuwa mwaka gani. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukara, hatua chache kabla ya kufika gatini. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Mkoa wa Mwanza ulikuwa bado na matanga. Sisemi wimbo wa kuchezea ungegeuzwa maombolezo, watu wenye msiba nao hucheza. Nasema msanii akiuita wimbo wake kwa jina la mji, nina haki ya kumuuliza: uliona nini huko? Na waliofungia kwa niaba ya heshima yetu nao nawauliza: heshima ya nani hasa, maana katika barua zenu tuliona maadili, Mwanza hatukuiona.

Hapa kwetu hukumu ya wimbo si jambo geni. Wasukuma wana Bagika na Bagalu, pande mbili za ngoma zinazoshindana tangu enzi. Nenda Bujora, pale Kisesa, mwezi wa sita wakati wa Bulabo. Pande zote zinacheza kwa wakati mmoja, zinatupiana vijembe ambavyo ofisa wa baraza angevisikia angeomba maji. Mshindi ni aliyevuta watu wengi. Wimbo dhaifu haupigwi marufuku. Watu wanauhama tu, wanavuka kwenda upande wa pili, na mwimbaji anabaki na ngoma yake. Hukumu hiyo inauma kuliko barua, na humlazimisha mtu arudi mwakani na maneno bora.

Mtaniuliza, na watoto je? Hoja ya watoto ni ya kweli. Wimbo wa watu wazima upangiwe saa zake redioni, usipigwe kwenye daladala ya wanafunzi. Hilo ni suala la ratiba. Lakini chombo kilichoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984 ili kufufua na kukuza sanaa, kikibaki na neno moja tu, "marufuku", kitakuza nini? Marufuku haimwambii Rayvanny, kijana mwenye kipaji asiyehitaji mchekesho huu, kwamba anaweza kufanya vizuri zaidi. Inamwambia tu kwamba ameonewa.

Bili amelipa mwingine. Mwanafunzi wa SAUT akitaja anakosoma, mtu anaguna. Mama lishe wa stendi akitaja anakofanyia biashara, mtu anacheka. Baraza halikuwaondolea kicheko hicho, lilikieneza. Wasafi nao hawakuwarudishia jina lao.

Kwa hiyo utakapotoka wimbo mwingine wa aina hii, na utatoka, kabla hatujachagua timu tuulize kwanza: kwenye hilo fumbo, wenye jina wamo?